Kidole Gumba cha Mwenyekiti

Mwenyekiti wa mazungumzo ya mkataba wa kimataifa mjini Bonn ana kidole gumba kipana chenye doa la wino, na Wietske, mjumbe wa Uholanzi, amezoea kukitazama hicho kuliko uso wake. Maneno yanayobishaniwa hutiwa ndani ya mabano, na aya isiyoondolewa mabano kabla ya chakula cha mchana huahirishwa hadi mwakani. Ubishi ukikwama, mwenyekiti huwainua watu vitini, huwasimamisha penye birika la kahawa, hufunika mabano kwa kidole na kusoma yaliyobaki kwa sauti ya chini. Kisha huuliza, "Hapa nilipofunika, nani anaumia?" Mtu aliyesimama hajibu kwa hotuba.

Leo aya inazitaka nchi zote zizuie plastiki inayoteremka mitoni hadi baharini, na Wietske ameipigania tangu majira ya baridi. Yamebaki maneno mawili ndani ya mabano, "pale inapowezekana," nayo yamewekwa na nchi ya mwenyekiti mwenyewe. Mjumbe wao, Ansgar, akamsogelea mwenyekiti penye birika.

"Dada, hayo ni ya kwetu. Usituaibishe."

"Kahawa yako inapoa, Ansgar."

Kidole kikashuka juu ya maneno ya kwao kama kilivyoshuka juu ya yale ya wengine. Akasoma hadi mwisho bila haraka. "Nani anaumia?"

Ansgar akaliangalia birika.

"Haya," akasema Ansgar. "Tutaivumilia."

Mwenyekiti akayakata maneno kwa kalamu. "Twendeni tukale. Ansgar, kaa karibu nami, unigombeze vizuri."