Papa Anatole, Mpima Misemo

Mwaka 1965, Kalemie ingali ikiitwa Albertville, wazungu wa vita, askari wa kukodiwa walioshika bandari, hawakuelewana wao kwa wao. Kapiteni alisema Kiingereza. Wakuba walioendesha masua, boti za doria, walisema Kispanyola. Katikati yao alisimama Papa Anatole, mkalimani, na suruali yake iliyopigwa pasi. Kiingereza alijifunza katika ofisi za bandari ya Kigoma, na Kispanyola kwa padri mmoja mzee kule Kongolo.

Mke wake, Mama Philomène, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliichoka kazi hiyo mapema. Kapiteni hakujua kulisema jambo likiwa uchi. Kila amri aliivika msemo wa kwao. Anatole naye aliona aibu kufasiri neno kwa neno. Aliupima msemo kwanza kwa Kiswahili, kama mchuuzi anavyopima chumvi kiganjani, ndipo akatafuta wa Kispanyola wenye uzito uleule.

"Kwa Waingereza, aliyekufa amepiga ndoo teke," alimweleza mkewe mezani, akicheka peke yake. "Kwa Wakuba amenyoosha mguu. Sisi tunasema amekata kamba."

"Na aliyekosa mboga, wanamwitaje?"

Asubuhi moja masua zilirudi zikikokota mitumbwi ya wavuvi, ikishukiwa kuwapelekea waasi silaha. Mmoja ulikuwa wa Michel, mdogo wake Philomène, na ndio uliolisha nyumba mbili. Philomène alimshika mumewe mkono wa shati.

"Sema tu huyu ni shemeji yangu, anavua ndagala. Usiongeze kitu."

"Mama, kazi ina utaratibu wake."

Kapiteni alizitazama nyavu, akazitazama taa za karabai, akatamka msemo wake: panapofuka moshi hapakosi moto. Akaishia hapo, kama kwamba amehukumu. Mkuu wa Wakuba, shoka mkononi, hakuambulia neno. Alimgeukia Anatole. Bandari nzima ilimgeukia. Michel, aliyelowa mpaka kifuani, aliinua kidevu kumtazama.

Philomène aliuona uso wa mumewe uking'aa, akajua wamekwisha. Anatole alikuwa amefumba macho, anatafuta msemo. Aliushika mmoja, akauacha. Ulikuwa mwepesi mno. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: huo ndio uzito alioutaka. Akaupata. Akautoa kwa Kispanyola, polepole, kwa sauti ya padri wake: mto ukivuma, umebeba maji.

Mkuba aliitikia kwa kichwa. Huenda mama yake mwenyewe alikuwa akiusema jikoni. Shaka iliyomfanya asite ikamtoka, akashuka majini, akaanza kuitoboa mitumbwi, mmoja baada ya mwingine. Mbao za Michel zilikuwa ngumu, alizirudia.

"Umeona?" Anatole alinong'ona. "Hakuuliza mara ya pili."

"Papa Anatole," Philomène alisema, "luga tatu ndani ya kinywa kimoja, na hata moja haikujua kusema shemeji?"

"Ningeukatiza msemo, ungeharibika."

Michel alikuwa akiukunja wavu wake uliochanika, akitoa vibanzi vya mbao.

"Muache, yaya," alimwambia dada yake bila kuinua uso. "Mutu amefanya kazi yake vizuri."

Anatole aliinyoosha kola, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea sifa.