Kamba ya Kupimia Mguu

Jamani, leo nimejiponza mwenyewe kwa furaha yangu.

Mnaujua mguu wangu wa matende. Miezi mitatu sasa sista wa misheni ananifunga bendeji, na kila Ijumaa mke wangu anaupima kwa kamba ya mgomba.

Ijumaa hii kamba ilizidi vidole viwili! Mguu umepungua!

Basi leo asubuhi jumbe kaja hapa Mlali kukusanya wanaume wa kazi ya lazima kwenye barabara ya Mjerumani. Siku zote ananipita. Huruma au kinyaa, sijui.

Mimi huyo nikainuka bila fimbo.

"Shikamoo jumbe! Tazama, napona!"

Nikamwonyesha na kamba. Mjinga mimi.

Akaitazama kamba, akautazama mguu.

"Alhamdulillahi. Chukua kikapu."

Nimebeba udongo kutwa, na sista alinikataza hata kusimama sana. Bendeji imelowa tope. Mguu unawaka moto.

Hebu niambieni, nyie mngeficha?

Sasa hivi mke wangu kapima tena. Ncha za kamba hazikutani.

Hajanilaumu. Kakaa chini, anasokota kamba ndefu zaidi.