Kamera Mbili Shingoni, Uongo Mmoja Madhabahuni

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, maana nilikwisha kumsingizia aliye mkubwa kuliko yeye, na ndiyo habari yenyewe ninayowaletea. Jina langu mniachie. Likasi, huku kwetu Kongo, ni mji mdogo, na wengine bado wananiamkia vizuri.

Nilikuwa mpiga picha za harusi miaka ile ya tisini, viwanda vilipokuwa vinakufa kimoja kimoja na mshahara umegeuka hadithi. Ajabu, watu hawakuacha kuoana! Ila filimu ilikuwa haba. Wachuuzi waliileta kutoka Zambia, na harusi nzima ilipata moja tu, picha thelathini na sita, basi.

Sasa mjomba wa bibi arusi ataelewa hilo? Kila mjomba anataka apigwe peke yake, kisha na mkewe, kisha na sahani yake. Ukimkatalia analeta fujo. Kwa hiyo nilibeba kamera mbili, pacha kabisa. Moja ilikuwa na filimu. Ya pili ilikuwa tumbo tupu, flashi tu ndiyo iliyokuwa hai. Mjomba akija namwelekezea ile tupu, pwaa! Anaondoka anacheka. Msinitazame hivyo, hatukuwa mmoja wala wawili tuliofanya mchezo huo.

Aliyenifundisha kazi alinionya nisizining'inize zote mbili shingoni. Yenye filimu ikae kifuani kwa mkanda mfupi, tupu ikae begani kwa mkanda mrefu. Hapo huwezi kuzichanganya hata ukisinzia.

Siku ya harusi ya binti wa Mama Régine, shemasi wa kanisa letu kule Kikula, nikajitia ujuaji. Mama huyo alikuwa na binti wa pili, Solange, na nilikuwa najiandaa kutuma watu kwao kuposa. Nilitaka Solange anione fundi. Nikazivaa zote shingoni, yenye filimu kuume, tupu kushoto, kifua mbele kama mwanajeshi!

Kwaya ikapiga wimbo wa kuingia kanisani. Solange akanishika mkono.

"Cheza na weye!"

Nikacheza, jamani! Kamera zikagongana, ko-ko-ko, mikanda ikasokotana mpaka ikataka kuninyonga. Nikazivua haraka, nikaizongoa mikanda, nikazivaa tena. Pande zikawa zimebadilika, ya kuume imekwenda kushoto. Mimi sikuona, macho yangu yote yalikuwa kwa Solange. Na zilikaa hivyo mpaka mwisho wa karamu.

Kwa hiyo pete, nilipiga na ile tupu. Mkono wa baba juu ya kichwa cha bibi arusi, tupu. Keki, tupu! Filimu yote ikaliwa na wajomba. Mmoja wao, Kaniki, alinifuata kila kona: "Fotografe, piga minye tena, minye Kaniki! Paja ya kuku ionekane muzuri!" Mwishoni kamera niliyoidhania tupu ikagoma kuzungushwa. Nikacheka, nikasema ni uzee. Kumbe filimu imekwisha!

Nyumbani nikaziweka mezani pacha zile, nikatoa filimu pale nilipoikuta, ikapelekwa Lubumbashi kusafishwa. Bahasha iliporudi sikuifungua. Nilikwenda nayo moja kwa moja sebuleni kwa Mama Régine, shati limepigwa pasi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Mjinga mimi!

Picha nne za kwanza, bibi arusi anatoka nyumbani kwao, safi. Ya tano, Kaniki na paja la kuku. Ya sita, Kaniki na shingo ya kuku. Kaniki amekaa, Kaniki amesimama, Kaniki amevaa kofia ya mtu, Kaniki amekumbatia wake za watu.

Mama Régine akaziweka mezani polepole.

"Bapete iko wapi? Papa ya mutoto iko wapi? Na Pasteur?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Angenigombeza, ningepiga magoti, yangeisha. Lakini mdomo ukanitangulia.

"Mama, saa Pasteur alianza kuomba, onction, upako wa Roho, ilikuwa nguvu sana. Moto ya Mungu njo iliunguza filimu."

Yule mama akainua mikono, machozi yanamtoka. "Alléluia! Minye nilisikia joto siku ile, nikajua!"

Nikadhani nimepona. Jumapili nikaitwa mbele nitoe ushuhuda. Ningekataaje? Nikautoa! Tena nikatia chumvi, nikasema kamera ilinitetemekea mikononi. Watu wakaruka, ngoma zikalia. Hakuna aliyeuliza kwa nini moto huo ulimkwepa Kaniki, naye alikuwa pale anapiga makofi kuliko wote.

Kisha mchungaji, Pasteur mwenyewe, akachukua kipaza sauti. "Kama Mungu ametuonyesha hivi, ni nani atasimama tena na appareil ya foto mbele ya uso wake? Kuanzia leo, harusi ndani ya hii kanisa, foto hakuna!"

Mnaona nilivyojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe? Makanisa jirani nayo yakakataza, yasije yakaonekana kwao hakuna moto. Wapiga picha wenzangu wakanilaani, na walikuwa na haki.

Hilo bado dogo. Solange alinisubiri nje. Hakupiga kelele.

"Niliona vile ulibadilisha bakamera. Nilifikiri unajua. Mama ulimudanganya, na Mungu ukamutia ndani. Siku utanikosea kwa nyumba, utasema ni nani njo alifanya?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Wale watu wa kuposa sikuwatuma kamwe.

Wewe unayebeba mbili, nisikilize: moja kifuani, nyingine begani, na usicheze! Ukikosea, sema umekosea hapo hapo. Utagombezwa siku moja, utalala, kutakucha. Uongo wa kanisani ukishapigiwa makofi huwezi kuurudisha mfukoni. Nilijaribu mara tatu kwenda kumwambia mchungaji, mara tatu nikaishia mlangoni kwake naulizia afya ya watoto.

Solange aliolewa baadaye na mwalimu, kanisani mle mle. Nilikaa benchi la nyuma, mikono nimeikunja. Alipendeza, jamani, alipendeza! Na hakuna mtu aliyempiga picha hata moja, kwa sababu ya ushuhuda wangu.