Spesa Nne Nyuma ya Mlango

Kaltumu binti Lukumani amezoea kutazama magurudumu kuliko nyuso za watu. Amekulia katika ua wa gereji ya baba yake, chini ya kilima cha Arua, na huko ndiko alikoweka jiko lake la chai, kati ya pipa la oili chafu na rundo la springi zilizokatika. Madereva husema chai yake inanukia grisi. Wanainywa hata hivyo.

Baba yake, mzee Lukumani, ni Mnubi, Mwislamu, aliyejifunzia ufundi jeshini. Watu wengi wanamjua kwa sababu ya spesa. Malori ya jeshi yalikuwa yameichimba barabara ya Koboko mifereji miwili mirefu, na Landrova, ambayo ni nyembamba kuliko lori, haikuweza kuifuata. Tairi moja lilizama mferejini, jingine likapanda tuta la katikati, na gari likaenda limeinama kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Mzee akachukua chuma cha ekseli za malori yaliyokufa, akakikereza kuwa mabamba manene ya duara, ndiyo spesa, akayafunga kati ya habu, pale gurudumu linaposhikiliwa, na rimu, gurudumu kwa gurudumu. Gari likapanuka, likatulia. Nimepanda magari katika nchi kadhaa zenye barabara mbaya, na huko nako nimeona mafundi wakifanya jambo hili hili. Kote husisitiza neno moja: baada ya safari ya kwanza, rudi nati zikazwe.

Mzee Lukumani alilisema kwa namna yake. "Wewe enda mpaka Manibe, rudi, mimi nakaza tena. Halafu hapana rudi. Sitaki kuona sura yako."

Angelo alirudi.

Alikuwa kijana Mkakwa wa Koboko, Mkatoliki, dereva wa Landrova ya mjomba wake, akibeba tumbaku na abiria. Alifungiwa spesa mwaka wa sabini na tano. Akaenda Manibe, akarudi, akakaziwa. Alhamisi iliyofuata akaja tena, akisema amesikia gurudumu likigonga. Na Alhamisi iliyofuata vilevile. Kazi hiyo haikuwa ya dakika mbili, maana spesa ina nati za ndani, na huwezi kuzifikia bila kuinua gari kwa jeki na kutoa gurudumu zima. Muda huo dereva hukaa. Angelo alikaa kwenye ubao karibu na jiko, glasi mkononi, akizungumzia mvua.

"Angelo," mzee aliita siku moja kutoka chini ya gari, "nati yako iko na miguu? Kila Alhamisi inatoka yenyewe?"

"Barabara mbaya, mzee."

"Wengine wanapita barabara ya pamba?"

Madereva wakacheka. Kaltumu aliinamia birika. Alikuwa ameshaliona lile gurudumu lilipoingia. Matope mekundu ya Koboko yalikuwa yamekauka juu ya nati za nje, yakazifunika pamoja na rimu, bila ufa hata mmoja. Nati inapolegea huyapasua matope na kuacha mstari wa kutu. Hizi hazikuwa zimesogea hata kidogo. Binti wa fundi hahitaji mtu wa kumweleza hilo. Alimwongezea Angelo sukari, na tangu siku hiyo akawa anazitazama nati za Angelo kila Alhamisi kama wasichana wengine wanavyotazama barua.

Jambo alilolitaka lilikuwa dogo: Angelo aseme. Aseme lolote lisilohusu gari. Dini zao zilikuwa mbili, na baba yake angekuwa na maneno yake, lakini maneno ya baba yangekuja baadaye. Baba mwenyewe alimtania jikoni: "Mwambie aje kwa mlango ya nyumba, kama mutu. Mimi nimechoka na tairi."

Alhamisi moja nati zilifika zimelegea kweli. Kaltumu aliona matope yamepasuka, na kwenye pembe za nati chuma kinang'aa pale spana ilipouma asubuhi hiyo hiyo. Aliweka birika chini.

"Umezifungua mwenyewe."

"Dada Kaltumu, barabara..."

"Barabara haina spana! Gurudumu lingetoka pale Ayivu, ungekufa kwa sababu ya chai?"

Angelo aliangalia glasi yake. "Si kwa sababu ya chai," alisema.

Kaltumu alingoja amalizie. Hakumalizia. Lakini Angelo hakuzifungua tena. Alikuja na matope yake mazima, na mzee akaendelea kukaza kilichokuwa kimekazwa.

Mwaka wa sabini na tisa vita vikaukaribia Mto Nile kutoka kusini, na watu wa Koboko na Arua wakaanza kuvuka mipaka. Angelo alifika siku isiyokuwa Alhamisi. Ndani ya Landrova walikuwemo mama yake, dada zake, magodoro, mbuzi na mitungi. Magurudumu yalikuwa yakicheza yenyewe, bila msaada wa mtu. Mzee Lukumani aliligusa moja kwa mguu, akatikisa kichwa.

"Mzigo hii yote, na spesa? Bolti zitakatika kabla ya Zaire. Tunatoa."

Akazitoa zote nne, akayarudisha magurudumu kwenye habu, karibu na mwili wa gari kama zamani. Landrova ikawa nyembamba tena. Mzee akajifuta mikono, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Basi. Sasa hakuna kitu ya kukaza."

Angelo alisimama akizitazama spesa zilizopangwa chini. Mama yake alimwita garini. Kaltumu alikuwa amesimama kando ya jiko lisilo na moto.

"Niwekee hizi," Angelo alimwambia. "Nitarudi kuzichukua."

"Sema kitu kingine," alisema Kaltumu.

Dada zake wote walikuwa wakisikiliza. Mbuzi alikuwa akilia. Angelo alivua kofia yake.

"Sitapita gereji," alisema. "Nitakuja kwa mlango. Kuongea na mzee."

Mzee Lukumani aligeuka, akajifanya anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Gari likaondoka limeinama, tairi moja mferejini, jingine juu ya tuta. Kaltumu alilitazama likiyumba hivyo mpaka mti wa kona ukalificha.

Sasa mwaka unaisha. Jeshi jingine liko mjini, na gereji hupata kazi siku moja moja. Dereva mmoja alizitaka zile spesa. Mzee akamwonyesha binti yake kwa kidole, naye akakataa bila kueleza. Hazimo gerejini. Kaltumu amezifunga kwa kamba na kuzitundika msumarini nyumbani, nyuma ya mlango wa mbele. Chuma kile hushika kutu upesi wakati wa mvua, kwa hiyo huzishusha, akazipaka oili kwa kitambaa, tundu kwa tundu, akazitundika tena. Mlango unapofunguliwa hugongana kidogo. Kila zinapogongana huinua kichwa, hata akijua ni baba yake tu anayeingia.