Kiti cha Kinyozi

Kinyozi wangu wa Kangemi hageuzi kichwa chake. Hugeuza cha mteja. Kitana kikianguka, huchutama shingo ikiwa wima, kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Nilidhani ni maringo, hadi Jumamosi moja alipomaliza kuninyoa ndevu kwa wembe, akajishika ukutani, nikamuuliza kama amelewa.

Alikizungusha kiti nilichokalia kwa nguvu, akakisimamisha ghafla. "Simama." Nilisimama, chumba kikanikimbia, nikamkumbatia yeye nisianguke.

"Sasa umejua vile mimi huskia," alisema kwa upole, akipangusa povu langu kwenye wembe. "Lakini yako inaisha saa hii. Yangu ya leo ilianza asubuhi, kabla ukuje."

Mkono wangu ulienda kooni wenyewe.