Joto la Dada Mkubwa

Watu wanasema wivu wa mapenzi ndio wivu mbaya. Hao hawajawahi kukaa kwenye maabara ya chuo kikuu, pamoja na watu waliosoma mpaka macho yakadai miwani. Huko kuna wivu, jamani! Tena wivu wa adabu, wa "samahani" na "hongera sana", unaokula mtu ndani kwa ndani huku meno yako nje.

Mwanamke ninayemsimulia hapa walimwita Dada Mkubwa. Ndiye aliyeingia wa kwanza kwenye kikundi kile cha utafiti, enzi ambazo chumba kilikuwa na meza moja na nywele za Profesa bado nyeusi. Mapazia meusi ya madirishani aliyashona yeye. Mlango wa friji ya sampuli usipoupiga nyonga haufungi, na hilo aliligundua yeye. Na chombo chenyewe, kile kilichokuwa kinawaumiza vichwa wote mle ndani, kilianzia mikononi mwake.

Kwa macho tu kisingekushtua. Kipande cha kioo, kama ukucha wa kidole gumba, kimepakwa dhahabu nyembamba, na kwenye dhahabu hiyo mna vitundu vidogo ambavyo hata darubini ya kawaida haivioni. Unakimulika kwa chini, mwanga unapenya vitunduni na kutoka na rangi yake. Ukidondoshea juu majimaji ya damu ya mtu ambaye figo zimeanza kumsaliti, protini za ugonjwa zinanasa kwenye dhahabu, rangi inahama kidogo, na kwenye kompyuta mstari unapanda. Damu ya mtu mzima, asiye na ugonjwa, haifanyi kitu, mstari unalala. Basi, hesabu yake ni hiyo.

Kisha akaja Kitindamimba.

Jina hilo walimpa siku ya kwanza, kwa kuwa ndiye mdogo wao wa mwisho, na yeye akalipokea kwa kicheko. Alikuwa na kicheko cha kuudhi, cha mtu ambaye hajawahi kunyimwa kitu. Hakumaliza hata muhula, akaja na mpangilio wake mpya wa vitundu. Chombo cha Dada Mkubwa kilihitaji ugonjwa uwe umekomaa ndipo kiuone. Cha huyu binti kilinusa ugonjwa ambao hata mwenye figo hajausikia. Profesa alizunguka korido nzima akiuonyesha ule mstari kwenye simu yake, kama babu aliyepata mjukuu. Akaanza kumwita "mwanangu".

Dada Mkubwa miaka yote hiyo hajawahi kuitwa mwanangu. Aliitwa "wewe mama wa friji".

Nyumbani mumewe, fundi wa mafriji na viyoyozi, alikuwa ameshazoea. Akinawa mikono tu anauliza, "Haya, mke mwenzio leo kafanya nini?"

"Usinichokoze."

"Niambie tu. Kapikiwa nini na Profesa?"

"Kapewa meza yangu ya dirishani. Eti kwake kuna mtikisiko, barabara iko karibu. Mimi nilipolalamika mtikisiko niliambiwa nivumilie!"

Mume akacheka mpaka akakohoa. Mkewe akasusa kula.

Jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Fedha za mradi zilikuwa zinaisha, na Profesa alikuwa amewaambia bila kuzunguka kwamba baada ya hapo atabaki na nafasi moja tu ya mtafiti wa kudumu. Wanaoitaka wawili. Chombo cha Dada Mkubwa kinafahamika, hakina makuu ila hakidanganyi. Kitindamimba naye akiweza kuonyesha mbele ya kikundi kizima, siku ya Alhamisi, kwamba damu ya mtu mzima inalaza mstari na ya mgonjwa inaupandisha, nafasi ni yake. Akishindwa, ni ya Dada Mkubwa.

Na ajabu, Kitindamimba alikuwa anashindwa. Mstari wake ulikuwa na wazimu. Leo damu ya mtu mzima inalala vizuri, kesho damu ileile inapanda kana kwamba mwenyewe yuko mahututi. Akabadilisha kioo, akachuja upya sampuli, akamwita Fundi Leza, yule bwana anayetunza mitambo ya mwanga. Fundi Leza akakaza kila kilichokazika. Wapi!

Dada Mkubwa naye alikuwa haishi kwenda kuchungulia. Kila akisikia pampu ya mtambo wa mwenzake inaunguruma, huyo! Anasimama nyuma ya kiti chake, anainama juu ya meza, shingo ndefu, macho kwenye skrini. "Vipi, mdogo wangu, leo mstari unalala?" Mstari ukipanda anaguna kwa huruma, "Pole mwaya," na moyoni vigelegele. Usimhukumu haraka. Na wewe ungekabidhi meza yako ya dirishani ungeona.

Jumatatu ya juma lile Kitindamimba alitoka kwenda kula, akaacha mtambo unapima damu ya mtu mzima. Dada Mkubwa akaingia. Mstari ulikuwa umelala, umenyooka vizuri kweli, na roho ikamuuma. Akainama auone vizuri zaidi. Ukaanza kupanda.

Akarudi nyuma kuangalia kama amegusa waya. Hakugusa. Aliporudi nyuma mpaka mlangoni akauona mstari unashuka taratibu. Akasogea tena, akainama. Ukapanda. Akaweka kiganja karibu na kioo bila kukigusa. Ukapanda mbio.

Alielewa palepale, kwani huo ndio ujuzi wake. Kifuniko cha zamani hakikukienea kioo kipya, kwa hiyo kioo kilikuwa wazi. Kipya kilikuwa chepesi cha kuhisi kiasi kwamba joto la mtu na pumzi yake vinatosha kukipa homa. Doa la kulinganishia, lile linalowekwa ili kufuta makosa ya namna hiyo, Kitindamimba alikuwa ameliweka upande wa ukutani. Anayesimama nyuma ya kiti anapasha upande mmoja tu. Na anayesimama nyuma ya kiti alikuwa nani?

Chombo chake mwenyewe, cha zamani, hata ng'ombe angekipumulia kisingeshtuka.

Akatoka kimya kimya. Hakusema siku hiyo, wala Jumanne. Alijiambia kwamba si kazi yake kumfundisha mtu ambaye Profesa anamwona ana akili kuliko wote. Agundue mwenyewe, si bingwa? Mumewe alipouliza habari za mke mwenza, alijibu, "Hajambo," na mume akashangaa kupata jibu fupi hivyo.

Jumatano Kitindamimba akamfuata kwenye sinki la kuoshea vyombo, macho mekundu.

"Dada, kesho naumbuka."

"Utaweza."

"Sitaweza. Wengine wote wananikwepa, wanaona nimewaharibia mradi. Wewe peke yako unakuja kila siku kunitazama. Naomba kesho usimame nyuma yangu, palepale unaposimamaga. Nikikusikia hapo napata moyo."

Dada Mkubwa aliendelea kusugua bika ambayo ilishatakata zamani. "Nitakuja," akasema. Lilimtoka hivyohivyo, na hakulirudisha.

Alhamisi wakajaa wote mle ndani, Profesa ameketi mbele, mikono kifuani. Kitindamimba akadondosha damu ya mtu mzima. Mstari ukalala. Akageuka, akamtafuta kwa macho, akamwona amejibanza mlangoni. "Dada, njoo."

Akaenda. Miguu ilimpeleka. Alisimama nyuma ya kiti, na safari hii wala hakuhitaji kuinama, maana mwili mzima ulikuwa unamchemka. Mstari ukatetereka, ukaanza kupanda.

Mabega ya binti yakashuka. Profesa akavua miwani. "Mwanangu," alisema kwa upole, "nadhani tumeona vya kutosha."

Hapo ndipo Kitindamimba alipopeleka mkono nyuma, bila kugeuka, akamshika vidole.

"Ni mimi," Dada Mkubwa akasema.

"Nini?"

"Mstari. Naupandisha mimi. Ni joto langu."

Profesa akavaa tena miwani. Huyo mzee, ukimwambia nyumba inaungua, atataka kwanza uthibitishe. "Toka nje," akamwambia. Akatoka. "Rudi." Akarudi. "Toka." Akatoka. Alitolewa na kurudishwa mbele ya watu kama mbuzi anayenadiwa, na kila akisogea mstari unapanda, kila akitoka unashuka, bila kukosea hata mara moja. Mtu mmoja akacheka. Fundi Leza akamkata jicho, akanyamaza.

"Safi kabisa," Profesa akasema, amefurahi kweli, maana yeye aliona fizikia tu.

Kitindamimba hakuwa anautazama mstari. "Dada, umegundua sasa hivi?"

Angeweza kusema ndiyo. Nani angejua?

"Jumatatu."

"Kwa hiyo jana, nilipokuomba uje..."

"Nilijua."

Binti alimtazama kwa muda, uso mkavu, kicheko chake chote kimemtoka. Kisha akageukia mtambo wake, akabadilisha glavu. "Naomba utoke, dada. Nimalize kipimo changu."

Alitoka. Akasimama koridoni, karibu na kidirisha cha mlangoni. Damu ya mtu mzima ikapita, mstari ukalala. Damu ya mgonjwa, yule ambaye ugonjwa wake hakuna chombo kilichowahi kuuona mapema hivyo, ikadondoshwa, na mstari ukapanda, laini, bila kutetereka. Watu wakapiga makofi. Ulikuwa mzuri kuliko mstari wowote ambao yeye amewahi kuutoa katika miaka yake yote mle ndani.

Fundi Leza alipotoka akamkuta anafuta machozi kwa mkono wa koti jeupe.

"Usijali, dada," akamwambia. "Atakusamehe tu."

Dada Mkubwa akatikisa kichwa, macho bado kidirishani, kwenye mstari ule. Hakuwa analilia msamaha.