Fundi wa Mapazia na Bwana wa Koti Jeupe

Mumewe alipofariki na binti yake wa pekee kuolewa mbali, fundi wa mapazia alibaki na chumba nyuma ya duka la vitambaa, cherehani na simu. Simu hiyo binti alimnunulia wiki ile zahanati walipomwambia ana kisukari. Daktari alikuwa na foleni iliyofika mlangoni. Alimwandikia vidonge, akamwambia apunguze sukari na wanga, akaita anayefuata. Fundi akatoka na maswali yake yote mdomoni.

"Mama, humu kuna kila kitu," binti alimwambia kabla ya kupanda basi. "Ukikwama, andika tu swali."

Akawa anaandika. Ndizi mbivu inaruhusiwa? Nyayo kuwaka moto ni dalili ya nini? Na kwa kuwa simu haikuchoka kumsikiliza, akaiuliza pia kwa nini mgonjwa wa sukari huamka na huzuni. Majibu yalikuja chungu nzima, yakagombana yenyewe kwa yenyewe. Huyu alisema ndizi ni dawa, yule akasema ni sumu. Ila kulikuwa na bwana mmoja wa kwenye video, koti jeupe, sauti nzito kama ya mtangazaji wa mpira, ambaye hakuwa na labda wala pengine. Wanga wote ni adui, alisema, na mwenye kisukari haonji sukari hata kwa bahati mbaya. Fundi akamwamini huyo. Isitoshe, kila video aliianza kwa kusema, "Mpendwa wangu, umeamkaje?" Hakukuwa na mwingine wa kumuuliza hivyo. Binti, akiandikiwa, alijibu kwa picha ya kidole gumba.

Basi fundi akaanza kuiogopa sahani yake. Wali uliondoka kwanza, mkate ukafuata, kisha viazi, maharage na matunda. Yakabaki majani ya kuchemsha. Vidonge alivimeza kama alivyoandikiwa, maana hakuwa mtu wa kukaidi dawa. Nguo zikampwaya. Wateja wakamsifu kwamba amepungua, amependeza.

Asubuhi moja alikwenda kutundika mapazia nyumbani kwa mkandarasi. Akiwa juu ya ngazi, mikono ikaanza kutetemeka, ndoano zikakataa kuingia kwenye matundu. Akajikaza kisabuni. Jasho likamtoka, dirisha likawa madirisha mawili. Aliwahi kushuka, akaketi sakafuni kama mzigo, pazia mapajani.

Mke wa mkandarasi alikuja mbio na soda. "Fundi, umekuwaje? Kunywa hii."

"Siwezi. Nina sukari."

Mama yake mkandarasi, bibi asiyeona, akatokea ukumbini akipapasa ukuta. "Ametoka jasho?"

"Amelowa, mama."

"Anatetemeka?"

"Sana."

"Mpe soda."

"Mama, anasema ana sukari."

"Na mimi ninayo. Ndiyo iliyonila macho. Yake imeshuka hiyo, mpe upesi."

Fundi alibana midomo. Bibi akajikokota mpaka chini, akalipata bega lake, kisha akaushika uso wake kwa mikono miwili. "Mwanangu, umekula nini leo?"

"Majani."

"Na vidonge?"

"Nimemeza."

"Vidonge vinashusha sukari, na tumboni hamna kitu. Kunywa, mama. Taratibu."

Akanywa. Mtetemeko ulipopungua, akalia kimyakimya. Tangu mazishi ya mumewe hakuna aliyekuwa amemshika uso.

Walimpeleka zahanati. Muuguzi aliitazama video moja ya yule bwana mpaka mwisho, akamwonyesha fundi makopo ya unga wa dawa ambayo bwana huyo alikuwa akiyauza chini yake.

"Mtandao si mbaya," alisema. "Ila uliza kwanza nani kaandika, na anataka nini kwako. Na usiache chakula bila kutuambia."

Kuanzia hapo fundi alikuwa akipita kwa bibi mara kwa mara, kumsomea kurasa alizoelekezwa na muuguzi.

"Wanasema tutembee nusu saa kila siku," alimsomea siku moja.

"Waulize niende nikagonge ukuta upi," bibi alisema. "Huu wa sebuleni tumeshazoeana."

Walicheka mpaka mke wa mkandarasi akachungulia. Bibi hakumruhusu fundi aondoke bila kula, tena alisikiliza kijiko chake kuhakikisha.

Kisha mkandarasi akapata kazi mji mwingine, familia nzima ikahama, bibi akiwemo. Fundi alijaribu kupiga simu. "Nani?" bibi aliuliza. "Sema tena, nani?" Masikio nayo yalikuwa yanamwacha. Simu ikapitia mikono ya mjukuu, ikakatika.

Sasa sukari ya fundi imetulia. Anakula wali kwa kipimo, na maharage, kwenye kona ya meza ya kukatia vitambaa. Yule bwana wa koti jeupe alikwishamwondoa kwenye simu, na ingawa hajutii, asubuhi zimekuwa na ukimya ambao hakuutarajia.

Mara ya mwisho alipokwenda kliniki, muuguzi alifurahia majibu ya vipimo. "Hongera, mama. Nyumbani nani anakusaidia?"

Fundi aliutafuta mkanda wa mkoba wake.

"Nina watu," alisema.

Muuguzi akaandika hivyo. Fundi akashukuru, akatoka, akapitia dukani kuchukua uzi wa kijani aliokuwa ameishiwa.